Dk. Robert Koch: Aliviona vijidudu, hakuwasikia wagonjwa wa Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Kemondo

UKISIMAMA katika bandari ya Kemondo, kilomita zipatazo 20 kusini mwa mji wa Bukoba, ukaelekeza uso kaskazini, macho yako yataishia pale maji yanapokutana na mbingu. Mbali nyuma ya mstari huo viko Visiwa vya Sese, nchini Uganda. Tangu zamani watu wa mwambao huu wa Buhaya wamekuwa wakisafiri ziwani kwenda na kurudi, kwanza kwa mitumbwi na baadaye kwa meli. Wamepitisha humo kahawa, ndizi na samaki, wameoa na kuoleka ng'ambo, na mara nyingine wamerudi nyumbani na maradhi.

Mwaka 1906 ziwa hilo lilimpokea mgeni ambaye jina lake lilikuwa limeenea dunia nzima. Alikuwa Mjerumani mwenye ndevu na miwani, umri wake ukiwa miaka 62, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Huyo alikuwa Dk. Robert Koch, mtu aliyeuonyesha ulimwengu kijidudu kinacholeta kifua kikuu.

Wanafunzi wa baiolojia katika shule zetu hulijua jina lake. Siku ya Kifua Kikuu Duniani, inayoadhimishwa kila Machi 24, ni kumbukumbu ya siku alipotangaza ugunduzi wake mwaka 1882. Lakini sehemu ya maisha yake iliyopita katika maji ya ziwa letu husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo inayotuhusu zaidi. Ndani yake limo swali ambalo vyuo vya udaktari duniani vinaendelea kuliuliza: je, inatosha daktari kujua sayansi peke yake, au anahitaji pia historia, fasihi, falsafa na lugha, yaani yale masomo ambayo sisi huyaita masomo ya sanaa?

Hapa nchini swali hilo si geni. Kijana anayetaka kuwa daktari huchukua mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, maarufu kama PCB, na akishaingia kidato cha tano huwaachia wenzake wa HKL historia na fasihi. Wengi huona ni jambo la kawaida. Maisha ya Koch yanaonyesha gharama ya utengano huo na nani anayeilipa.

Mtoto aliyejisomea magazeti

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, akiwa mtoto wa ofisa wa migodi. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi, na husimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano tu aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaambia kuwa amejifunza kusoma mwenyewe, akitumia magazeti.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu udaktari mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa tangu mwaka 1840 ameandika kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo, wakati ambapo hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuwaridhisha wataalamu.

Elimu ya udaktari wa Ujerumani ilikuwa inabadilika katika miaka hiyo. Mwaka 1861 dola ya Prussia iliufuta mtihani wa falsafa ambao wanafunzi wa udaktari walikuwa wakiufanya, ikaweka mahali pake mtihani wa sayansi za maumbile. Hannover, nchi aliyozaliwa Koch, ilimezwa na Prussia mwaka uleule aliohitimu. Kizazi chake ndicho kilichoingia kazini wakati maabara ilipoanza kukikalia kiti kilichokuwa cha falsafa.

Mabadiliko hayo yalizaa matunda makubwa, na ni haki kuyataja. Koch aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya katika mji wa Wollstein, ambao leo umo nchini Poland na unaitwa Wolsztyn. Huko hakuwa na maabara wala maktaba. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy, na chumba alichokitenga nyumbani kwa ajili ya utafiti. Katika mazingira hayo aliufuatilia ugonjwa wa kimeta uliokuwa ukiua mifugo, akakikuza kijidudu chake nje ya mwili wa mnyama, na mwaka 1876 akathibitisha mzunguko wote wa maisha yake.

Mwaka uliofuata alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera kupitia hadubini, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Kabla ya hapo wataalamu walitegemea michoro ya mkono, na kila mmoja alichora alichodhani amekiona. Kwa hiyo hata ushindi wa sayansi yake ulipita katika sanaa ya picha: alijua kwamba kuona vizuri ni kazi ya kujifunza, na kwamba aliyeona ana wajibu wa kuwaonyesha wengine.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Miaka miwili baadaye akatangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1883 na 1884 akawa Misri na India akikisaka kile cha kipindupindu. Kufikia hapo alikuwa fahari ya taifa lake.

Kosa la kwanza

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini, akaeleza kuwa inaweza kutibu kifua kikuu. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi mbalimbali. Aliificha siri ya mchanganyiko wake, na ingawa alikuwa amejidunga mwenyewe akaugua vibaya, aliendelea kuiamini. Haukupita muda mrefu ikabainika kuwa dawa hiyo haiponyi, na kwamba baadhi ya waliodungwa walizidiwa na wengine kufa.

Aliyezichunguza maiti na kuonyesha madhara hayo ni Rudolf Virchow, mtaalamu mwingine mashuhuri wa Berlin. Inafaa kumtazama kidogo, kwa kuwa alisimama upande wa pili wa mjadala huu. Mwaka 1848 serikali ilimtuma Virchow katika eneo la Silesia ya Juu, ambako homa ya tifasi ilikuwa ikiua maskini waliozungumza Kipolandi. Aliporudi hakuorodhesha dawa peke yake. Alitaka watu wale wapewe uhuru wa kujiamulia mambo yao, elimu kwa lugha yao, barabara na hali bora ya maisha. Virchow alikuwa pia mwanaanthropolojia na mwanasiasa, na kwake tiba ilikuwa tawi la elimu ya jamii.

Virchow naye alikosea mambo mengi, yakiwemo mashaka yake juu ya nadharia ya vijidudu. Hata hivyo, tofauti ya mabingwa hao wawili ni fundisho kwa wanafunzi wa tiba hadi leo. Mmoja alikitafuta chanzo cha ugonjwa ndani ya tone la damu; mwingine alikitafuta katika maisha ya mgonjwa. Daktari kamili anahitaji kuvitazama vyote viwili.

Tauni ya Kiziba na ugonjwa wa malale

Koch alifika nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea India. Akiwa Dar es Salaam alichunguza malaria pamoja na maradhi ya mifugo. Wakati huohuo habari zilimfikia kutoka Kiziba, kaskazini ya Bukoba, juu ya maradhi ya kuua ambayo wenyeji waliyaita rubunga. Daktari wa serikali, Zupitza, alikwenda huko na kutuma vielelezo, na mwaka 1898 Koch akathibitisha kuwa rubunga ni tauni.

Kwa hiyo kabla hajaikanyaga ardhi ya Kagera, Koch alikuwa ameshaijua kupitia chupa za vielelezo. Wenyeji walikuwa na jina la ugonjwa huo, na walikuwa wakiishi nao, kabla haujapata jina katika vitabu vya Berlin.

Wakati huo maafa makubwa zaidi yalikuwa yanajongea. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ugonjwa wa malale, ambao Waganda waliuita mongota, ulizifagia pwani na visiwa vya kaskazini mwa ziwa. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Busoga, Buganda na visiwani. Vijiji vilibaki mahame. Mwaka 1903 ilithibitishwa kuwa ugonjwa huo huletwa na kimelea kinachosambazwa na mbung'o.

Serikali ya Ujerumani ilihofia kuwa maradhi hayo yangeshuka hadi koloni lake. Mwaka 1906 ikamtuma Koch pamoja na wasaidizi wake, wakiwemo Friedrich Karl Kleine na Robert Kudicke. Wakati msafara huo ukianza kazi, kusini mwa koloni Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinawaka na njaa ikiangamiza maelfu. Serikali iliyotaka kuwaponya watu wa ziwa ndiyo iliyokuwa ikichoma mashamba ya watu wa kusini.

Msafara ulianzia Amani, katika milima ya Usambara, ukapita Mwanza, lakini huko haukupata wagonjwa wengi wa kufanyia utafiti. Kwa ruhusa ya Waingereza, Koch alihamia Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Sese, akaweka kambi yake huko.

Kambi ya Bugala

Habari zilipoenea kuwa daktari mkubwa ana dawa ya mongota, wagonjwa walikuja wenyewe kwa mitumbwi. Wengine walibebwa na ndugu zao, wakiwa wamefikia hatua ya kusinzia hata chakula kikiwa mdomoni. Zaidi ya watu 1,000 walitibiwa katika kambi hiyo.

Hapa msomaji inampasa atende haki. Ugonjwa wa malale usipotibiwa huua. Dawa aliyokuja nayo Koch, atoksili, iliyotengenezwa kwa arseniki, ilifanya vimelea vitoweke katika damu kwa muda, na watu waliobebwa waliinuka na kutembea. Aliyeyaona hayo kwa macho yake alikuwa na sababu ya kuamini kuwa tiba imepatikana.

Lakini vimelea vilirejea. Koch aliamua kuongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa walianza kulalamika kwa maumivu makali, kichefuchefu na kizunguzungu. Baadhi walitoroka kambini. Wengine wakaanza kuona ukungu, kisha giza. Koch alipoisimamisha dozi hiyo kubwa, wagonjwa 22 walikuwa wamepofuka, na macho yao hayakurudi tena.

Arseniki ingebaki arseniki hata kama Koch angesoma tenzi zote za dunia. Hakuna kitabu cha fasihi ambacho kingeibadilisha kemia ya dawa ile. Swali liko kwingine: kati ya malalamiko ya kwanza na upofu wa mtu wa 22, masikio ya daktari yalikuwa wapi?

Mgonjwa anaposema kichwa chake kinazunguka, hiyo ni taarifa ya kitabibu. Mgonjwa anapotoroka usiku kwa mtumbwi, na hiyo pia ni taarifa, tena nzito, kwa kuwa ameona afadhali kifo cha nyumbani kuliko sindano ya kesho. Lakini taarifa za namna hiyo haziji kwa hadubini. Zinakuja kwa lugha, kwa mkalimani mwenye subira, na kwa daktari aliyefundishwa kwamba simulizi ya mgonjwa ni sehemu ya uchunguzi.

Koch hakuwa na kisingizio cha kusema kuwa enzi zake hazikujua suala la ridhaa. Mwaka 1900, baada ya kashfa ya daktari Albert Neisser aliyewadunga wanawake majimaji ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaeleza, wizara ya Prussia ilitoa waraka kwa wakuu wa hospitali. Waraka huo ulikataza majaribio yasiyo ya tiba kwa mtu ambaye hakuridhia baada ya kuelezwa madhara yake. Waraka huo haukugusa moja kwa moja tiba kama ile ya Sese, wala haukuvuka bahari kuja kwenye makoloni. Lakini fikra ilikuwepo Berlin, na Koch aliishi Berlin.

Kigarama na watu wa katikati

Mwaka 1907 Koch alifika pia Kiziba, eneo ambalo leo limo wilayani Missenyi. Aligundua kuwa wagonjwa wa huko walikuwa wameambukizwa Uganda, walikokwenda kufanya kazi na biashara, na kwamba mbung'o hawakuwa wamezagaa katika vijiji vyao. Ugonjwa ulisafiri na vibarua.

Alipendekeza wagonjwa wakusanywe na kutengwa katika kambi, vichaka vya pwani vifyekwe, na mamba wauawe kwa kuwa aliamini mbung'o hula damu yao. Kambi moja ilianzishwa Kigarama, Kiziba, chini ya Dk. Kudicke, na ilidumu hadi Vita Kuu ya mwaka 1914.

Kigarama ina fundisho lake. Kambi hiyo haikusimama kwa amri ya Wajerumani peke yao. Ilihitaji kibali na msaada wa Mukama Mutahangarwa wa Kiziba, mtawala aliyejua kupima faida na hasara ya kila mgeni. Ilihitaji pia vijana wa kienyeji waliofundishwa kupapasa tezi za shingo, kwa kuwa kuvimba kwa tezi hizo ni dalili ya mwanzo ya malale. Vijana hao walipita vijijini wakiwatafuta wagonjwa na kuwaleta kambini.

Kazi yao haikuwa ya vidole tu. Walilazimika kubisha hodi, kusalimu kwa heshima inayostahili, kueleza kwa Kihaya jambo lililoamuliwa kwa Kijerumani, na kusikiliza hofu za mama wa nyumba. Walikuwa wakalimani wa lugha na wa desturi. Elimu ambayo Koch hakuipata Göttingen, wao waliipata barazani kwa wazee wao, na bila wao dawa isingemfikia mtu yeyote.

Historia imewasahau. Dunia inalijua jina la Koch; wapapasa tezi wa Kiziba na vipofu 22 wa Bugala hawana siku ya kimataifa ya kukumbukwa.

Mwisho wa safari

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907 akipokelewa kwa shangwe, na Kaisari akamtunuku cheo cha heshima ya juu. Mwaka 1908 alizuru Japani, ambako mwanafunzi wake wa zamani, Kitasato Shibasaburo, alimpokea kwa taadhima kubwa na baada ya kifo chake akamjengea mahali pa ibada. Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi inayobeba jina lake.

Taasisi hiyo ilisikika sana kuanzia mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na hapo ndipo mjadala juu ya kazi zake za makoloni ulipopamba moto nchini Ujerumani. Wapo waliotaka jina libadilishwe, na wapo waliosema mtu ahukumiwe kwa jumla ya matendo yake. Wanahistoria nao wameendelea kuchimba nyaraka za Sese na Kigarama, wakiwatafuta wagonjwa waliokuwa nyuma ya takwimu.

Atoksili nayo ilipita, ikawa ngazi kwa dawa nyingine. Paul Ehrlich aliuchambua muundo wake wa kikemia na kutoka hapo akapata dawa ya kaswende mwaka 1909. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeshinda aina ile ya malale inayodumu muda mrefu mwilini, kiasi kwamba si tishio tena kwa afya ya umma. Ushindi huo ulitokana na dawa bora, vipimo bora, na kazi ndefu ya kuaminiana na wanavijiji.

Somo kwa Kagera na kwa vyuo vyetu

Mkoa wa Kagera una kila sababu ya kulijali suala hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la aina ya mashati yaliyovuka mpaka kutoka Uganda mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo. Kwa aliyesoma sayansi pekee, jina hilo lingeweza kuonekana kuwa porojo za mitaani. Kwa anayejua kusikiliza, ndani yake mlikuwa na ramani: njia za biashara, fedha mpya, safari za mpakani na mahusiano yaliyoambatana nazo.

Miaka 40 baadaye, Machi 21, 2023, Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba, si mbali na hapa Kemondo. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2 mwaka huohuo. Maabara ilikitambua kirusi, lakini kuwapata watu waliokutana na wagonjwa kulitegemea familia zilizofiwa kukubali kutaja ni nani alimuuguza marehemu na nani alimwosha. Mtu hatoi siri za msibani kwa anayemwona kuwa namba.

Vyuo vimeanza kuelewa. Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha mwaka 2000 programu ya tiba inayozingatia masimulizi, chini ya daktari Rita Charon, ambaye pia ni msomi wa fasihi. Madaktari wanaosoma humo husoma riwaya na kuandika habari za wagonjwa wao kwa lugha ya kawaida ili wajizoeze kusikia. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina idara inayoshughulikia maadili ya tiba na weledi wa kazi, na utafiti wa tiba unaohusu binadamu lazima upitie kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake kinachoitwa Amani, jina la palepale ambapo msafara wa Koch ulianzia mwaka 1906.

Hizo ni hatua njema, lakini maadili yakifundishwa kama orodha ya makatazo hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika wodini. Historia ina nguvu ya namna nyingine. Mwanafunzi wa udaktari atakayesoma kisa cha Bugala, akajua kwamba mtenda kosa hakuwa mjinga wala katili bali bingwa mwenye tuzo, ataogopa kwa faida ya wagonjwa wake wa baadaye. Atajiuliza, kila anapoongeza dozi, kama amemsikiliza aliyelala kitandani.

Koch alizaliwa na kipaji adimu cha kuona, na binadamu wengi wako hai leo kwa sababu ya kipaji hicho. Haitupasi kulifuta jina lake vitabuni. Linalotupasa ni kulifundisha kikamilifu: Machi 24 pamoja na Bugala, kijidudu pamoja na vipofu 22, sayansi ya Berlin pamoja na vijana wa Kiziba waliobisha hodi mlangoni kwa salamu kabla ya kuinyoosha mikono yao shingoni kwa mgonjwa.

Jioni, Kemondo, mitumbwi ya wavuvi huondoka ufukweni kuelekea maji yaleyale waliyoyavuka wagonjwa wa mongota zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walikwenda wakiwa na imani kwa daktari. Imani hiyo bado ipo katika mabenchi ya zahanati na hospitali zetu, na kila kijana wa PCB anayevaa koti jeupe kwa mara ya kwanza hukabidhiwa sehemu yake.